Asiyetaka na Aliyekosa: Mahubiri ya Kazi Chini ya Milima ya Uluguru

Kila baada ya miaka mitatu, katika Dominika ya 33 ya Mwaka C, Kanisa hutusomea kipande cha Waraka wa Pili wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 3, pale Mtume anapowakemea watu walioacha kazi. Mara ya mwisho ilikuwa 16 Novemba 2025. Aliyehudhuria Misa siku hiyo, iwe katika parokia za mjini Morogoro au katika kigango kimojawapo huko juu Mgeta, anaweza kukisia mahubiri yalivyokwenda hata kama alisinzia. Injili ya siku ile inahusu kubomolewa kwa hekalu, vita na matetemeko, nayo ni ngumu. Somo la pili ni jepesi kulishika. Basi husikika tena habari za vijana wa vijiweni, wanaume wanaoanza drafti saa nne asubuhi, na simu zinazokula siku nzima. Waamini huitikia kwa kicheko kidogo, kila mmoja akimtazama jirani yake.

Mahubiri juu ya uvivu yamekuwa kama aina ya fasihi katika nchi yetu. Yana mwanzo wake, mifano yake na msemo wake wa kufungia. Yanatolewa kanisani, yanatolewa kwenye mkutano wa kijiji, yanatolewa kwenye sherehe za Mei Mosi. Kwa kuwa yanagusa riziki ya watu na heshima yao, si haki yaachwe bila kupimwa, nasi tungependa kuyapima kwa kipimo chake yenyewe, yaani Maandiko Matakatifu na maisha ya watu wanaohubiriwa.

Tuanze na kalenda. Novemba ni mwezi gani huku kwetu? Upande wa mashariki wa Uluguru, kwa maana ya Matombo, Mkuyuni, Kinole na Tawa, mvua za vuli huwa zimeshaanza au zinangojwa siku yoyote. Watu wako shambani kabla jua halijachomoza. Yaani somo la kukemea uvivu linatukuta katika majuma ambayo mkulima wa mlimani hana hata nafasi ya kushona kifungo cha shati. Mpangilio wa masomo ni wa Kanisa zima, haukutungwa kwa ajili ya Uluguru, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini mhubiri anaishi hapa, na anaiona mikono inayonyooshwa kupokea Komunyo.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Paulo hamzungumzii mtu asiyefanya kazi. Anamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Kigiriki chake kina kitenzi cha kutaka, na Biblia zetu za Kiswahili zimekitafsiri sawasawa. Kitenzi hicho ndicho kinachodondoka njiani. Usikilize msemo unavyozunguka mitaani na majukwaani: kutaka kumekwenda, kimebaki kutofanya. Wala haukudondokea kwetu tu. Katiba ya Umoja wa Kisovieti ya mwaka 1936 iliuchukua msemo huohuo katika ibara yake ya 12, ikiwa imekwisha kumwondoa Mungu, Mtume Paulo, na huko kutaka pia. Neno moja tu, lakini ndilo linalomtenga mvivu na mtu aliyekosa kazi, mgonjwa, mzee, na mama anayeuguza mtoto.

Tena wale wa Thesalonike hawakuwa watu wa kulala tu. Katika sura ya 2 ya waraka huohuo tunaona kwamba kulikuwa na watu waliotikiswa na habari kuwa siku ya Bwana imekwisha kufika, na wafafanuzi wengi huunganisha mambo hayo mawili: kama mwisho umefika, jembe la nini? Na Paulo, akichezea neno la Kigiriki la kazi, anawashutumu kwamba hawashughuliki ila wanajishughulisha na mambo ya wengine. Kwa hiyo mvivu wa Paulo anaweza kuwa mtu mwenye pilikapilika nyingi sana, mwenye kuzunguka nyumba hadi nyumba na ujumbe wa kutisha, na kula kwa wenyeji wake. Mtu wa namna hiyo tunaye Morogoro. Mara nyingi haketi kijiweni. Amevaa suti na ameshika kipaza sauti. Ajabu ni kwamba mahubiri ya Novemba hayamtaji.

Kijiwe chenyewe kina Injili yake, nayo husomwa Dominika ya 25 ya Mwaka A: wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Mwinjili anahesabu saa tangu mapambazuko, kama sisi. Saa kumi na moja yake ndiyo saa kumi na moja yetu, jioni, jua linapolalia milima, zimebaki dakika chache kuche— hapana, kuchwa, na watu wangali wamesimama sokoni. Mwenye shamba anawauliza kwa nini wamesimama kutwa bila kazi. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Tunaomba msomaji alitazame jibu lake: hakuna. Hatoi nasaha. Hawaambii wangejiongeza, wangeanzisha mradi, wangeacha kuchagua kazi. Anawapeleka shambani, na jioni anawapa mshahara wa siku nzima, kwa sababu tumbo la mtu aliyengoja kutwa halina tofauti na tumbo la aliyelima kutwa. Kungoja nako kunachosha. Waulize vibarua wanaosimama alfajiri Msamvu na Mji Mpya wakiwa na beleshi na sururu zao.

Mji wetu unajua jambo hili kuliko miji mingi. Baada ya Uhuru, Morogoro ulikuwa mji wa viwanda: ngozi, turubai, nguo, vyombo vya udongo, viatu, tumbaku. Kiwanda cha viatu kinatajwa hata katika vitabu vya uchumi vya ng'ambo kama mfano wa mradi uliokosewa. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa matarajio ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Hebu tuifikirie hesabu hiyo kwa upande wa mtu aliyekuwa akiingia getini kila asubuhi. Muda usiotarajiwa haukumfikia siku ya kufungwa kiwanda. Ulimfikia akiwa kazini, amevaa vazi la kazi, mashine mbele yake hazizunguki. Je, huyu alikuwa mvivu? Na mwenzake wa kiwanda kingine, aliyepunguzwa kazi viwanda vya umma vilipobinafsishwa au kufa miaka ya 1990, akarudi nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi na mkewe akashtuka, alikuwa katika kundi gani la Paulo, asiyetaka au aliyekosa? Wanaume wa umri huo ndio wazee wa drafti wa leo. Wengine walianza kucheza siku hiyohiyo.

Serikali nayo ilikuwa na mahubiri yake. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwahesabu wasio na ajira inayotambulika kuwa wazururaji; Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Wengi walikuwa wakifanya kazi, tena ngumu, ya kuuza maandazi, kushona viatu, kubeba mizigo. Hawakuwa na kitambulisho tu. Uvivu ukawa jambo la karatasi.

Lakini historia inayotufundisha zaidi iko juu milimani, na hapo tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Musa na Haruni wanakwenda kwa Farao kuomba siku chache tu: watu watoke jangwani wakamfanyie Mungu wao sikukuu. Farao anajibu kwa mahubiri juu ya uvivu. Anasema watu hawa wanalia kwa sababu hawana shughuli, waongezewe kazi, wasipewe tena majani ya kutengenezea matofali, wayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Hii ni mara ya kwanza katika Biblia watu wazima kuitwa wavivu kama taifa, na anayewaita hivyo ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga udongo wa matofali. Kosa lao ni kuomba muda wa ibada. Hatujasikia mahubiri mengi juu ya sura hii. Nadhani (tuseme sote tunadhani) ni kwa sababu inamweka mhubiri wa kazi mahali pabaya: kabla ya kusema neno, inambidi aeleze kwamba yeye si Farao.

Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898 walisema pamoja na mengine kwamba itawafundisha Waafrika kazi. Kufundisha kazi watu ambao milima yao ina mteremko wa kumwangusha mbuzi, nao wanailima! Kisha Waingereza, mwaka 1950, walianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Nia ilikuwa na msingi: udongo ulikuwa unaporomoka, na mito inayoshuka kutoka milima hii, Ruvu ukiwa mmojawapo, ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam hadi leo. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kuchoma moto mashamba kukakatazwa. Asiyechimba alitozwa faini au kufungwa. Mpango mzima ulisimama juu ya dhana moja ambayo haikuandikwa popote kama sharti, nayo ni kwamba mkulima wa Kiluguru ana siku za bure za kutoa.

Alikuwa nazo? Ukimtazama kutoka ofisini, ndiyo. Baada ya mavuno jembe linatundikwa. Lakini kiangazi ndipo nyumba zilipoezekwa, wali walipotolewa na ngoma za unyago kuchezwa, watu walipooana, kesi za ukoo zilipomalizwa, na walio na bustani za bondeni walipohamia huko. Ule muda uliokuwa mtupu kwenye karatasi ya bwana shamba ulikuwa umejaa pomoni. Pamoja na hayo, sehemu nyingi za mashariki kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na kwenye miteremko mikali kingo zilimeguka mvua ilipokolea. Mtu alitoa siku zake, akapata shamba baya kuliko alilokuwa nalo. Julai 1955 mambo yalilipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja aliuawa. Mwaka huohuo serikali iliacha kulazimisha matuta. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru, kilichotoka mwaka 1960, na wasomi wengine wamelirudia jambo hili mara nyingi.

Nenda sasa upande wa Mgeta. Utaona ngazi mlima hadi mlima, zenye kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, na maji yakiongozwa kwa mifereji midogo kutoka ngazi moja hadi nyingine. Hakuna askari anayesimamia. Kule kulikuwa na maji na soko la mboga, ngazi zililipa, na watu wakazitunza mpaka leo kwa kazi ambayo mtu wa tambarare hawezi kuivumilia wiki moja. Waluguru wa Matombo na Waluguru wa Mgeta ni watu wamoja. Kama uvivu ndio ulikuwa tatizo la mwaka 1955, ulijuaje kuishia mpakani?

Kanisa nalo lilikuwamo katika shule hii ya kazi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na katika vijiji vyao vya watu waliokombolewa utumwani siku iligawanywa kwa kengele: sala, darasa, karakana, shamba. Wamisionari hao walikuwa watu wa jasho, wengi walikufa vijana, na tunawaheshimu. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba mtu aliyetoka kwenye minyororo jana alikuwa na haki ya kuuliza siku yake ni ya nani. Baadhi waliuliza kwa miguu: waliondoka. Kengele ile bado inalia katika namna tunavyohubiri.

Kuna maandishi moja ya kisiasa ambayo katika jambo hili yaliona mbali kuliko mahubiri mengi, nayo ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika sehemu inayohusu juhudi na maarifa, Azimio linafanya kitu rahisi: linahesabu saa. Mfanyakazi wa mjini hufanya kazi kama saa 45 kwa wiki. Je, mkulima mwanamume hufanya ngapi? Kisha linasema bila kumung'unya kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, saa 12 hadi 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Tuna neno la kulikosoa: lile la likizo limepitiliza, kwa sababu halimwoni mwanamume aliyekosa soko, aliyekosa mbolea, au aliyetoka kuchimbishwa ngazi miaka kumi na miwili kabla. Lakini lilipowatenganisha wanawake na wanaume katika hesabu, lilifanya kazi ambayo mhubiri anayesema "sisi Waafrika ni wavivu" hajaifanya bado.

Uluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, na ardhi ya ukoo hupita huko. Mgeni akisikia hivyo hudhani mwanamke wa Kiluguru ana siku nyepesi. Asimame njiani siku ya gulio, aone nani anashuka na tenga la mboga kichwani na mtoto mgongoni, kisha apande tena jioni na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mvua ikinyesha mchana, watu wote wanaingia ndani. Hapo ndipo muda usiotarajiwa unapogawanywa. Mwanamume amepumzika: mvua imempa ruhusa. Mwanamke amepata nafasi ya kupukuchua maharage.

Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inataja wanaopaswa kupumzika: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni aliye malangoni. Sababu inayotolewa ni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Ni amri nzuri kupita kiasi, punda amekumbukwa. Lakini mke hatajwi. Wafafanuzi hutueleza kwamba amejumuishwa ndani ya "wewe", nasi hatubishani nao. Tunaona tu kwamba nyumba nyingi zimeisoma orodha hiyo kama ilivyoandikwa. Na parokia pia. Matangazo ya Dominika yanapofika mwisho, tunasikia kwamba akina mama wabaki kwa usafi wa kanisa, akina mama wapike kwa ajili ya wageni wa dekania, WAWATA wana kikao saa tisa. Akina baba wanaombwa kuhudhuria jumuiya. Wanaombwa! Tunapohubiri juu ya Marta na Maria, huwa tunamsifu Maria aliyeketi miguuni pa Bwana, kisha tunawatuma akina Marta wetu jikoni kabla Baraka ya Mwisho haijapoa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za mapumziko ya juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ni sheria njema. Mama wa Nyandira hana mwajiri wa kumpelekea. Kwake Dominika ndiyo sheria pekee ya kazi iliyopo, na wenye jukumu la kuisimamia ni sisi.

Hivyo basi tunarudi kwenye muda usiotarajiwa wenyewe, maana hapo ndipo mitazamo inapoachana, wakati mwingine ndani ya familia moja. Chukua mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kufanya kazi. Mtaani kwetu umeme ukikatika, kinyozi alitoa kiti nje, akaita wateja wake wamsimulie habari. Fundi wa kuchomelea wa mlango wa pili alitembea huku na huku akihesabu hasara. Kila saa ya giza ilikuwa deni. Mwenye mashine ya kusaga alikaa kimya na foleni ya ndoo mbele yake. Giza lilikuwa moja. Ukimsifu kinyozi kwa moyo mwepesi na kumlaumu fundi kwa kukosa imani, utakuwa hujauliza nani kati yao ana mkopo. Ukimsifu fundi kwa bidii na kumwita kinyozi mvivu, hujui kwamba kiti kile cha nje ndicho kilichopatanisha majirani wawili waliokuwa hawasalimiani.

Au chukua mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi na kufunguliwa 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu, katikati ya masika. Kwa watoto wa baadhi ya nyumba za mjini ulikuwa muda wa televisheni. Kwa wengi wa mlimani ulikuwa muda wa jembe, na kwa mabinti ulikuwa pia muda wa kulea wadogo zao. Wazazi wengine walifurahi kupata mikono. Wengine waliona aibu kuwaona watoto wamekaa, wakawatafutia shughuli hata isiyohitajika, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba mtoto aliyekaa ameharibika. Wachache, na hawa tunawakumbuka, waliwaketisha watoto na bibi yao jioni wakasikia majina ya mito na ya mizimu ya ukoo, mambo ambayo shule haina kipindi chake.

Mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, Josef Pieper, alitoa kitabu mwaka 1948 kuhusu mapumziko na ibada, wakati nchi yake ilipokuwa kifusi na kila mtu akisema huu ni wakati wa kujenga tu. Alisema mapumziko ya kweli yanasimama juu ya ibada, na kwamba mtu anayejua kufanya kazi tu amepungukiwa kitu. Tunakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ila alikuwa mtu wa vitabu na mihadhara, na kitabu chake hakituambii nani alikuwa anapika. Mahubiri yetu yanamhitaji Pieper, na Pieper anamhitaji mama wa Nyandira.

Je, mhubiri aache kabisa kusema juu ya uvivu? Hapana. Wapo wasiotaka. Yupo mume anayekunywa fedha za iliki ambayo hakuichuma. Yupo kijana ambaye shamba la mjomba liko wazi naye anangoja Dar es Salaam imwite. Paulo awaambie, tena kwa ukali wake wote. Tunachoomba ni kwamba kitenzi kirudishwe mahali pake, na anayehubiri ajue anamsema nani kati ya hao waliokaa mbele yake: asiyetaka, aliyekosa, au yule ambaye hajapata kuketi tangu Dominika iliyopita.

Kuna Injili moja ambayo tungetamani ihubiriwe kwa uzito uleule wa Wathesalonike. Ni Marko sura ya 6, ya Dominika ya 16 ya Mwaka B. Mitume wamerudi kutoka utumeni, wamechoka, watu wanakuja na kwenda hata hawapati nafasi ya kula, na Yesu anawaita waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Lakini umati umewaona, umekimbia kwa miguu, umewatangulia. Mapumziko yamekufa kabla hayajaanza. Yesu anauhurumia umati, anafundisha mpaka jioni. Husomwa hivyo, na mhubiri hufunga hapo: mtumishi wa Mungu hana mapumziko.

Somo la Dominika hiyo huishia aya ya 34, lakini sura haiishii hapo. Ukiendelea kusoma nyumbani utaona kwamba watu wale waliokimbia, Yesu aliagiza waketishwe kwenye majani mabichi, makundi makundi, wakaletewa chakula walipokuwa wameketi. Walikuwa elfu kadhaa, na siku hiyo hakuna aliyeulizwa amefanya kazi gani. Na mara baada ya kula, Yesu aliwalazimisha wanafunzi wapande mashua waondoke, akabaki mwenyewe kuuaga umati. Kazi ya mwisho ya siku ile, ile ya kubaki nyuma wengine wakishaondoka, aliifanya yeye. Itasomwa tena 18 Julai 2027, kiangazi, mavuno ya masika yakiwa ghalani.